Radhi kwa Familia Fulani

Wateja walimwita Mama Pasi, na jina likamganda kiasi kwamba hata mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa amelihifadhi hivyo hivyo kwenye simu yake. Alikuwa dobi mwanamke pekee kwenye barabara iliyotoka kituo cha mabasi hadi ofisi za serikali. Madobi wanaume walikuwepo watatu, tena wenye mabango makubwa, lakini mtu akitaka kola isimame wima hadi jioni alipeleka shati kwa Mama Pasi.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu, fito mbili za kutundikia henga, ndoo ya wanga, na chini ya meza pasi nzito ya mkaa ya kusubiria siku umeme ukikatika. Kila nguo iliyoingia aliishonea kijitambaa chenye namba. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupoteza hata soksi, na alipenda watu walijue hilo. Mteja akiuliza kama suti yake iko salama, yeye hununa nusu siku.

Wanawe wakubwa walikuwa wameshajitegemea. Nyumbani alibaki kitinda mimba wake, binti wa miaka kumi na mitano waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama ndogo nyeusi chini ya jicho la kushoto. Kidoti hakuwa msemaji. Lakini akiona jambo halijakaa sawa, mdomo ulifunguka na kuufunga tena ilikuwa kazi.

Siku moja mwalimu wa nidhamu aliliadhibu darasa zima kwa kioo cha dirisha kilichovunjika. Kidoti akasimama, akauliza kwa nini watu arobaini wapigishwe magoti kwa jiwe la mtu mmoja. Akaambiwa kesho yake aje na mzazi. Kesho yake, saa nne asubuhi, kabla mama hajafunga duka aende kuitikia wito huo, stoo ya shule ikashika moto. Ilikuwa na madawati mabovu na vitabu ambavyo hakuna aliyevisoma tena. Hakuna aliyeumia. Ila mwanafunzi mmoja alisema alimwona Kidoti akipita nyuma ya stoo muda mfupi kabla ya moshi. Ukichanganya na ubishi wa jana yake, watu hawakuhitaji kingine.

Mama Pasi alikuwa amekunja nusu ya suruali ya mteja simu ya kutoka shuleni ilipolia. Alimaliza kuikunja. Baadaye hakuweza kujieleza kwa nini alimaliza kuikunja kwanza.

Kituo cha polisi kilimwachia Kidoti siku ile ile kwa dhamana ya mama yake, na wiki iliyofuata kesi ikafunguliwa katika mahakama ya watoto. Kilikuwa chumba cha kawaida tu, meza zote zimepangwa usawa mmoja, na askari amevaa nguo za kiraia. Hakimu alikuwa mama wa makamo aliyening'iniza miwani yake kifuani kwa uzi. Kabla ya jambo lolote alimgeukia kijana mmoja aliyekaa benchi la nyuma na daftari mkononi.

"Wewe ni wa gazeti?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi nisikilize vizuri. Huyu ni mtoto. Jina lake halitoki humu, wala picha yake, wala shule, wala anakoishi, wala kitu chochote kitakachomfanya msomaji amjue. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa."

Mama Pasi alishusha pumzi. Alimwona hakimu kama ndugu yake wa tumbo moja. Akarudi nyumbani akamwambia mwanawe, "Hakuna atakayejua, mwanangu. Sheria inakulinda."

Siku tatu baadaye karani mmoja wa benki, mteja wake wa miaka mingi, alikuja kuchukua mashati yake.

"Bado yana unyevu, kaka. Njoo saa kumi."

"Nitayachukua hivyo hivyo, dada. Nina safari."

Aliyachukua yakiwa mabichi, akaondoka bila kumtazama usoni. Lakini gazeti lake alilisahau kwenye meza, au pengine hakulisahau. Mama Pasi alilifunua. Habari ilikuwa ukurasa wa tano: mwanafunzi wa kike wa miaka kumi na mitano, ambaye jina lake linahifadhiwa kisheria, ameshitakiwa kwa kuchoma stoo ya shule ya sekondari iliyo karibu na kituo cha mabasi. Aya ya mwisho iliongeza kwamba mtuhumiwa ni binti wa dobi maarufu wa kike katika eneo hilo.

Alisoma mara mbili. Jina kweli halikuwepo. Walichobakiza ni kuweka mshale wa kuonyesha mlango wake.

Kuanzia hapo henga zikaanza kubaki tupu. Hakuna aliyekuja kumtukana. Watu wana adabu zao. Walipunguza tu. Mmoja alisema amenunua mashine ya kufulia. Mwingine alisema mkewe siku hizi anapenda kupiga pasi mwenyewe. Wa tatu, mzee mmoja mpenda mizaha, alisimama mlangoni akauliza kwa sauti kubwa, "Mama Pasi, hapa kwako kiberiti mnakifungia kabatini?" Akacheka peke yake. Mama Pasi alimrudishia koti lake likiwa limenyooka vizuri kama kawaida, maana hakujua kuharibu kazi hata kwa hasira.

Kidoti alisimamishwa shule hadi kesi iishe. Alishinda chumba cha nyuma akipiga pasi vitambaa vya mkononi, akivikunja mraba mdogo, kisha mdogo zaidi. Mteja akiingia, aliacha pasi na kujifungia.

"Waache waseme, watachoka wenyewe," mume wa Mama Pasi alimwambia kwenye simu, sauti ya lori ikinguruma nyuma yake.

"Wewe uko barabarani, baba. Wanaosema wako mlangoni kwangu."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Sitaki ufanye kitu. Nataka usiniambie watachoka."

Kesi ilikwenda miezi minane. Leo shahidi hayupo, kesho jalada halionekani, keshokutwa hakimu yuko kwenye semina. Mama Pasi alijikaza kisabuni. Kila tarehe alifunga duka, akampigia mwanawe sare pasi kana kwamba anaenda kukagua gwaride, wakaketi kwenye benchi la nje wakingoja kuitwa.

Hatimaye ukweli ulitoka kwa njia nyepesi kuliko walivyodhani. Fundi umeme wa serikali alieleza kwamba nyaya za stoo zilikuwa za zamani, zimeliwa na panya, na moto ulianzia darini. Mlinzi wa shule akaleta daftari lake la zamu. Wiki mbili kabla ya tukio alikuwa ameandika humo kwa mkono wake kwamba taa ya stoo inatoa cheche, na mwalimu mkuu alikuwa ametia sahihi kwamba ameona. Yule mwanafunzi aliyemwona Kidoti alipoulizwa tena alisema ndiyo, alimwona, alikuwa anakwenda bombani kunywa maji. Kwa nini hakusema hivyo mwanzo? Hakuna aliyemuuliza.

Hakimu alitamka kwamba Kidoti hana hatia, tena kwamba hakukuwa na sababu ya kumleta pale tangu mwanzo. Mama Pasi alilia mbele za watu bila kujali. Usiku ule wote watatu, baba akiwa kwenye simu, walicheka kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze.

Asubuhi iliyofuata alinunua gazeti lile. Hakuna kitu. Akanunua la kesho yake. Siku ya nne akakuta habari ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la matangi ya maji: mtoto aliyeshitakiwa kwa kuchoma stoo ya shule ameachiwa huru na mahakama, jina lake linahifadhiwa kisheria. Mistari miwili. Panya hawakutajwa, daftari la mlinzi halikutajwa, na safari hii hata dobi hakutajwa.

Akavua aproni, akaenda nayo mkononi hadi ofisi za gazeti.

Mhariri alikuwa mtu mpole, ndevu chache, meza imejaa vikombe vyenye mabaki ya chai. Alimkaribisha kiti. Mama Pasi hakuketi.

"Nataka uandike jina la mwanangu."

Mhariri alidhani hakusikia vizuri. "Kwa kawaida, mama, wazazi huja hapa kutuomba tusiandike."

"Mimi naomba uandike. Jina lake kamili, na kwamba hana hatia, na kwamba ni nyaya. Ukurasa wa tano, palepale mlipomweka mwanzo."

"Hatukuweka jina, mama."

"Mliandika binti wa dobi wa kike. Humu mjini mnawajua madobi wa kike wangapi?"

Mhariri alijikuna shingo. "Ile aya ilipita kwa bahati mbaya. Kijana alikuwa mgeni kazini. Lakini jina siwezi kuliweka. Sheria hainiruhusu hata mtoto akishinda kesi. Nikiliweka, napelekwa mahakamani mimi."

"Mlipomchafua, sheria ilikuwa likizo. Leo namtaka msafi, imerudi kazini?"

"Mama, ningekuwa na uwezo..."

"Unao. Kalamu hiyo hapo."

Hakuichukua. Alimweleza taratibu kwamba mwenye uwezo wa kuruhusu jina litajwe ni mahakama tu. Mama Pasi aliondoka bila kuaga, na hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga.

Mahakamani, karani wa masjala alimpa fomu ya maombi. Aliijaza. Akaambiwa irudufiwe nakala tatu. Akarudufisha. Akaambiwa imekosa namba ya jalada. Akaweka namba. Akaambiwa karani anayepokea maombi hayo huwa Jumanne na Alhamisi, na leo ni Ijumaa. Aliporudi Jumanne, karani huyo alikuwa msibani.

"Dada yangu," alimwambia yule wa masjala, "mimi nguo ya mtu nikimwambia njoo saa kumi, saa kumi anaikuta. Nyinyi mnaishije?"

"Tunaishi hivihivi, mama," karani alijibu, na hakuonekana kufurahia jibu lake.

Wiki ya tatu wakaitwa ofisini kwa hakimu, mama na binti. Mumewe alikuwa amepata siku mbili za mapumziko, naye akaja, amevaa shati ambalo mkewe alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Hakimu alisoma maombi hadi mwisho, akavua miwani.

"Mama, nakuelewa. Ungekuwa wewe ndiye uliyeshitakiwa, ningeshamaliza. Lakini ulinzi huu si wako, ni wa mtoto. Siwezi kuuondoa bila kumsikia yeye." Akamgeukia Kidoti. "Unataka jina lako litoke gazetini?"

Mama Pasi alikuwa ameshajua jibu. Nyumbani walizungumza. Au tuseme yeye alizungumza, na Kidoti alikunja vitambaa.

"Hapana," Kidoti alisema.

"Kidoti," mama yake aliita kwa sauti ya chini.

"Mwache aseme," hakimu alisema. "Kwa nini hutaki, mwanangu?"

"Wanaonijua wameshajua. Wasionijua, gazeti litawaambia kwamba kuna mtu anaitwa hivi, aliwahi kushitakiwa kwa kuchoma shule. Wataikumbuka shule na moto. Ile ya nyaya wataisahau. Nikitafuta kazi nikiwa mkubwa, mtu akiandika jina langu kwenye simu, sitaki kitu cha kwanza kiwe moto."

Baba yake alitazama chini. Hakimu alirudisha miwani, akaandika mistari michache. Maombi yakakataliwa. Hata hivyo, kuhusu ile habari ya kwanza, alisema gazeti lilivunja amri yake waziwazi, na angewaita waje kujieleza.

Nje, kwenye ngazi, Mama Pasi alishindwa kujizuia. "Miezi minane nimesimama na wewe. Miezi minane! Nimepoteza nusu ya wateja. Halafu mlango unafunguka, wewe unaufunga."

"Mama, ni jina langu."

"Nani alikupa hilo jina?"

"Wewe. Ndiyo maana ni langu."

Mumewe akatia neno, "Mama Pasi, mtoto kasema ukweli," na mkewe akamjibu kwamba yeye kesho anapanda lori, ukweli wote anamwachia nani? Wakatembea hadi nyumbani, watu watatu katika mstari, kila mmoja akiangalia mgongo wa mwenzake.

Gazeti liliitwa, likapigwa faini, likaamriwa kuomba radhi. Mama Pasi aliusubiri huo msamaha kama mtu anayesubiri mgeni wa heshima. Ulitoka Jumatatu, ukurasa wa tano, ndani ya kisanduku:

"Gazeti hili linaomba radhi kwa familia fulani kutokana na habari fulani iliyochapishwa mwaka jana, ambayo ilikuwa na maelezo yasiyostahili kuchapishwa. Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza."

Alikaa kwenye kigoda akausoma hadi herufi zikaanza kuogelea. Familia fulani. Habari fulani. Hata yeye mwenyewe, kama asingekuwa yeye, asingejua kwamba ni yeye. Mchana ule mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi alileta mapazia, akaliona gazeti limefunuliwa pale mezani, akasoma kisanduku kwa sauti. "Makubwa! Familia gani tena hii? Lazima ni wakubwa, ndiyo maana wanafichwa." Mama Pasi akamwambia mapazia yatakuwa tayari Alhamisi.

Kesho yake alichukua nakala ya hukumu, yenye muhuri, akatafuta gundi ili aibandike ukutani juu ya meza ya pasi. Kisha akaingiwa na shaka, akaenda kwanza kumuuliza karani wa masjala.

"Kuwaambia ndugu na majirani kwa mdomo, hakuna wa kukukamata," karani alisema. "Lakini kuibandika dukani kila anayeingia aisome, mama, huko ni kutangaza. Jina la mtoto limo humo."

"Kwa hiyo nikae na karatasi ya kumsafisha mwanangu, niifiche kama bangi?"

Karani alicheka, kisha akaona Mama Pasi hacheki, akaacha. "Ndiyo sheria, mama. Imewasaidia wengi. Wengine wanaokuja hapa kweli walikosa, na bila hii wasingepata hata pa kuanzia."

"Wa kwangu hakukosa."

"Najua. Sheria haijui kutofautisha."

Akarudi, akaiweka hukumu kwenye droo pamoja na vijitambaa vya namba. Akaanza kuwaambia watu kwa mdomo, mmoja mmoja, wakati akiwahesabia nguo zao. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kufua mablanketi. Baadhi walisema "alhamdulillahi" au "Mungu mkubwa" na wakamaanisha. Baadhi walitikisa kichwa kwa namna iliyoonyesha wanamhurumia mama kwa kumtetea mwanawe, kama mama yeyote angefanya. Yule karani wa benki alirudi na mashati sita. Mama Pasi akamshonea namba zake.

Kidoti hakutaka kurudi shule ile, na hakuna aliyembembeleza. Walimpatia nafasi shule nyingine upande wa pili wa mji, anakokwenda kwa mabasi mawili. Huko hakuna aliyemjua. Muhula wa kwanza hakusema mengi. Wa pili akachaguliwa msimamizi wa maktaba. Alipoleta habari hiyo nyumbani alijifanya si kitu, lakini alikula sahani mbili.

Mwishoni mwa muhula ule Mama Pasi alikwenda kwenye mkutano wa wazazi. Alikaa safu ya tatu, karibu na mama mmoja mchangamfu aliyejipulizia manukato mengi, na Kidoti alikuwa ukutani pamoja na wanafunzi wengine wanaogawa ratiba. Mwalimu mkuu alizungumzia usalama wa mabweni. Yule mama akainama, akamnong'oneza Mama Pasi.

"Wana haki ya kuogopa. Hukusikia ile shule ya karibu na kituo cha mabasi? Kasichana kaliichoma moto, kakaachiwa hivi hivi. Siku hizi watoto wanaachiwa tu."

Damu ilimpanda Mama Pasi hadi masikioni. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga: nyaya, panya, darini, daftari la mlinzi, sahihi ya mwalimu mkuu wa shule ile. Alikuwa ameyasema mara nyingi hivi kwamba yangetoka yenyewe bila kumsumbua. Akainua macho, akamkuta Kidoti anamtazama kutoka ukutani, ratiba zimemkaa kifuani, uso umekauka. Hakuwa amesikia, alikuwa mbali. Lakini alimjua mama yake, na aliijua ile shingo inavyokakamaa.

"Umesikia wapi hayo, dada?" Mama Pasi aliuliza.

"Gazetini. Waliandika."

"Waliandika pia kwamba mahakama ilimwona hana kosa."

"Ah, hiyo sikuiona."

"Ilikuwa ndogo," Mama Pasi alisema. "Ilikuwa chini ya matangi ya maji."

Yule mama alimtazama kidogo, akangoja aendelee. Hakuendelea. Mbele, mwalimu mkuu aliuliza kama kuna mzazi mwenye swali, na mikono kadhaa ikanyooshwa. Mama Pasi aliishika yake miwili mapajani, imefungwa, na ilibaki imefungwa hadi mkutano ulipokwisha.